Mwamba Uliozama Jumapili

Agripina hakwenda Uskoti kutembea. Hilo alilisema waziwazi kwa kila aliyemuuliza pale Hallunda, mtaa wao wa Stockholm, kuanzia wanakwaya wenzake mpaka yule muuza samaki wa kituo cha maduka. Alikwenda kumchukua mtoto wake. Wenzake huenda kuchukua vifurushi posta. Yeye alikwenda kuchukua binti wa miaka ishirini na minne, aliyeacha chuo cha uuguzi akiwa karibu kumaliza, akakimbilia kisiwa chenye kondoo wengi kuliko watu, eti kufundisha wageni kupiga makasia.

"Kwani amefungwa kamba huko?" Milcah alimuuliza. Milcah ni Mkenya wa Hässelby, rafiki yake tangu enzi zile walipokuwa wakisafisha maofisi pamoja, na ndiye mtu pekee Stockholm nzima anayeweza kumjibu Agripina akabaki na meno yake.

"Hajafungwa."

"Sasa utamchukua aje? Utamweka kwa mkoba?"

"Nitaongea naye."

"Wewe? Kuongea? Mama Gladness, wewe utamfokea mpaka hao kondoo waingie baharini."

Agripina alimwambia amalize chapati yake aache kelele. Lakini njiani kurudi, kwenye treni, maneno yale yalimkaa kifuani kama mfupa. Alikuwa amebakiwa na Gladness tu. Zephania, mumewe, aliyemleta Sweden alipokuja kusomea mambo ya misitu, alifariki mtoto akiwa bado ana meno ya maziwa. Huyu naye akiondoka kweli, pale ghorofani patabaki Agripina na televisheni.

Tena kilichomuuma zaidi ni kwamba makosa aliyaanzisha mwenyewe. Yeye ni mzaliwa wa Kanyigo, juu ya Ziwa Viktoria, na shule aliishia darasa la saba. Kazi zote za mikono za Stockholm amezipitia, akatulia kuwa mpishi wa shule, ambako watoto humwogopa na kumaliza karoti zao. Alipofika hamsini, wakaja akina mama fulani wa Kiswidi kuwafundisha wanawake wa Hallunda kuendesha kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya kasia, pale Slagsta, kwenye ziwa la Mälaren. Wenzake walikwenda mara moja, wakapiga picha, wakarudi kwenye makochi yao. Agripina alibaki. Mikono iliyogeuza masufuria ya watu mia tatu haikuona kazi kwenye kasia. Akanogewa, akaanza kumburuta na Gladness kila Jumamosi. Mtoto alikuja amenuna. Baada ya muda akawa hanuni tena. Baada ya muda mwingine akawa hakamatiki.

Sasa mtoto alikuwa kwenye ukingo wa magharibi wa Uskoti, ambako baada ya hapo ni Bahari ya Atlantiki tu mpaka Marekani.

Siku za kwanza baada ya kufika huko, Agripina alijitahidi. Aliangalia ile pwani, akakiri moyoni kwamba Mungu hakuifanyia haraka: mchanga mweupe kama unga, milima ya mawe myeusi, mawimbi yanayogonga mpaka unayasikia kitandani. Vibao vya barabarani viliandikwa lugha mbili, na ile ya juu ilikuwa Kigaeli, lugha ya wenyeji, ambayo Kiingereza kiliwahi kuikalia kooni mpaka ikakaribia kufa. Nyumba zilinuka moshi wa udongo mweusi wanaouchimba, wakaukausha, wakauchoma kama kuni. Akina mama walikutana ukumbini wakakigonga kitambaa cha sufu mezani ili kikaze, huku wakiimba, mmoja akitoa na wote wakipokea, na Gladness alikuwa katikati yao, mikono ya shati imekunjwa, akipokea nao bila kukosea neno.

Hapo ndipo uvumilivu wa Agripina ulipokatika.

"Kiswahili ulikikataa," alimwambia walipotoka nje. "Kihaya hata salamu huijui. Bibi yako amekufa hujawahi kumwambia kitu akakuelewa. Leo unaniimbia lugha ya wachunga kondoo?"

Gladness alimjibu kwa Kiswidi, kama alivyozoea. "Hawa walinifundisha, Mama. Wewe ulikuwa unanisahihisha."

Ndivyo walivyolala Jumamosi ile, mtu na chumba chake.

Jumapili asubuhi Agripina aliamka mapema, akasali, akafua fulana zake, akazianika kwenye kamba ya uani. Gladness alitoka mbio akiwa bado amevaa nguo za kulalia, akazianua fulana zote zikidondosha maji.

"Unafanya nini wewe?"

"Leo Jumapili! Hapa Jumapili hakuna anayeanika nguo. Watu wanapita kwenda kanisani, watatuonaje?"

"Wataona tunaoga."

"Mama, sitanii. Duka limefungwa, kituo chetu cha makasia kimefungwa, mashua zote zimefungwa. Ni siku yao ya kupumzika na Mungu wao."

"Na mimi kesho naondoka," Agripina alisema. "Nimetoka Stockholm, sijaingia majini na mwanangu hata mara moja. Siku zote ulikuwa na wageni wako wa kulipa. Mimi wageni wako siwafikii?"

Gladness alisimama na ule mzigo wa nguo mbichi kifuani. Alijua kwamba kukataa ni vita na kukubali ni kosa. Akachagua kosa. Walitoa kayaki moja ya viti viwili, wakaipitisha nyuma ya nyumba ili waendao kanisani wasiwaone. Simu ya upepo ya kuitia msaada ilikuwa imefungiwa ofisini, na funguo alikuwa nazo bosi. Gladness aliitazama ile ofisi, akatazama bahari, ambayo ilikuwa imelala kimya kama paka aliyeshiba.

"Tunakwenda pale mwambani tu," alisema. "Tunaangalia sili, tunakunywa kahawa, tunarudi. Hatukai."

Mwamba wenyewe ulikuwa mbele ya kanisa, ng'ambo ya mkondo wa maji mapana kiasi cha mtu kuonekana kama kijiti. Upande mmoja ulikuwa na ulimi wa mchanga. Walipofika, Gladness aliruka chini na chupa ya kahawa, akaanza kupanda.

"Ivute mpaka juu kabisa, Mama! Halafu uifunge kwenye jiwe!"

"Unanifundisha mimi kayaki?"

Agripina aliivuta hatua chache, mpaka mkia ukatoka majini, akaona inatosha. Hakuwa mzembe. Ndivyo alivyofanya Slagsta miaka yote: unavuta kidogo, unakwenda kula, unarudi, kayaki ipo na ziwa lipo. Hata kwenye bahari ya chumvi ya Stockholm, huko visiwani, maji hukaa yalipo. Unaweza kuacha viatu ufukweni asubuhi ukavikuta jioni na ukavu wake. Ziwa la kwao Kanyigo nalo lilikuwa hivyohivyo. Maisha yake yote Agripina alijuana na maji yenye adabu. Kwamba kuna bahari inayoondoka na kurudi alisikia, kama mtu anavyosikia kwamba kuna nchi zenye matetemeko.

Juu ya mwamba sili, wale wanyama wa baharini wenye masharubu na mapezi, walikuwa wamejilaza, wanene, wakiwatazama kama wazee wa kamati. Gladness alimimina kahawa. Kwa dakika chache ilikuwa asubuhi njema. Kisha Agripina akafungua mdomo.

"Chuo wamesema wanaweza kukurudisha. Nimewauliza."

Gladness aliweka kikombe chini. "Umewapigia chuo changu?"

"Nani mwingine awapigie? Wewe hapa unahesabu sili."

"Mama, mimi sirudi."

"Usiseme hivyo."

"Sirudi. Nilikuwa nakufa kule. Asubuhi treni, jioni treni, watu wameinamisha vichwa. Nikivaa sare ya hospitali najiona nimevaa maisha ya mtu mwingine. Yako. Wewe ndiye uliyetaka kuwa muuguzi."

Neno lile liliingia mpaka penyewe, kwa sababu lilikuwa kweli. Agripina alisimama. Akasema aliyoyasema: kwamba baba yake angejua angegeuka kaburini, kwamba mtoto wa kuokota angekuwa na shukrani, kwamba uzee wake nani atautazama, hawa kondoo? Gladness naye akasimama, akajibu kwa Kiswidi cha haraka, kile cha kukata kama mkasi. Sili mmoja alijitupa majini. Kisha wa pili. Kisha wote, chubwi, chubwi, na wale wawili hata hawakugeuza shingo.

Aliyegeuka wa kwanza alikuwa Gladness, na alinyamaza katikati ya neno.

Ulimi wa mchanga haukuwepo. Walipotua palikuwa na uwanja wa kutosha watoto kuchezea mpira. Sasa palikuwa na maji ya kijani yakitembea upande mmoja, taratibu, kama watu watokao mkutanoni. Na katikati ya maji hayo, mbali kiasi cha kurusha jiwe, kayaki yao nyekundu ilikuwa inakwenda zake.

"Uliifunga?" Gladness aliuliza.

Agripina aliifuata ile kayaki kwa macho.

"Mama! Uliifunga?"

"Niliivuta."

"Simu yangu imo mle ndani."

Kayaki iligeuka polepole, ikaonyesha ubavu, ikaendelea. Bado ilikuwa karibu. Agripina alivuta zipu ya jaketi lake la kuelea mpaka kidevuni, akaanza kuteremka.

"Naifuata. Si mbali."

"Hapana."

"Mimi ndiye niliyeiacha, mimi ndiye nitakayeileta. Mwaka jana Mälaren niliogelea kutoka..."

"Kaa chini!"

Ilikuwa Kiswahili. Gladness hakuwa amemsemesha mama yake Kiswahili tangu akiwa na umri wa miaka kumi na mbili, na sauti ilitoka nzito, ya amri. "Mama, kaa chini! Hapo kuna mkondo. Utakufa. Maji haya si ya Slagsta, ukiingia sikuoni tena. Kaa!"

Agripina alikaa. Alikaa kama alivyokuwa amesimama, palepale kwenye mwani unaoteleza, na kwa mara ya kwanza akamtazama binti yake kama mtu anavyomtazama dereva. Gladness alikuwa ameyakazia macho maji, midomo ikitembea bila sauti.

"Bado yanapanda," alisema. "Leo ni bamvua, yanajaa kuliko siku zote. Mwamba huu..."

"Mwamba huu nini?"

"Unazama."

Walipanda mpaka juu kabisa, mahali padogo kuliko meza ya jikoni. Gladness alifungua mkanda wa kiunoni mwake, akaliunganisha nao jaketi la mama yake na lake, akakaza. Mikono yake ilikuwa imetulia. Ya Agripina, mikono ya masufuria, haikuwa na la kufanya, akaikalia.

"Tukiondolewa na maji, usipige maji kwa mikono. Jikunje, unishike mimi. Baridi ndiyo inayoua, si kuzama."

"Usiniambie hayo."

"Lazima nikuambie."

Gladness alichukua filimbi ya kwenye jaketi lake, akapuliza. Akapuliza tena. Ng'ambo, kanisa lilikuwa limefungwa milango, magari yamejipanga nje, na upepo ulileta vipande vya zaburi yao: mtu mmoja anatangulia, halafu wote wanamfuata kila mmoja kwa njia yake, kama wimbi linalovunjika polepole. Alipuliza mpaka mashavu yakauma. Lakini pwani ile ina ndege wenye midomo myekundu ambao kutwa kucha wanapiga mbinja hivyohivyo, na mbinja moja zaidi ilikuwa ya nani? Mtu mmoja alitoka kanisani, akawasha sigara nyuma ya ukuta, akawapa mgongo, akarudi ndani.

Wimbi la kwanza lilifika viatuni.

Lilikuwa dogo, halina hasira, lilikuja likaenda. La pili lilibaki. Agripina alihisi baridi ikimpanda mifupani na akajua, kwa uwazi ambao hakuutaka, kwamba alikuja kumchukua mtoto huyu na kwamba huenda amemchukua kweli. Alitaka kusema samahani. Badala yake alimshika Gladness shingoni, akamvutia kwake.

"Unaogopa?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Na mimi."

Zaburi ilikatika. Milango ya kanisa ilifunguka, watu wenye suti nyeusi wakaanza kumwagika nje, wakasimama vikundi vikundi wakipeana mikono. Gladness alipuliza filimbi. Hakuna aliyegeuka. Maji yalikuwa yameshika magoti.

Hapo Agripina aliweka kiganja mdomoni akapiga enduru.

Wahaya wanaijua. Si kelele ya kilio wala kigelegele cha harusi. Ni yowe la hatari, linalopigwa mwizi akiingia, nyumba ikiwaka, mtoto akipotea. Linaanzia tumboni, kiganja kinalikata mdomoni, na anayelisikia anatupa jembe na kukimbia bila kuuliza. Tangu afike Sweden hakuwahi kulipiga. Hata siku Zephania alipokata roho, daktari alimwonyesha kwa upole chumba cha kukaa kimya, na Agripina akalia ndani ya mtandio wake ili asisumbue wagonjwa. Sasa lilitoka lote, la leo na la siku ile, likaruka juu ya maji likagonga ukuta wa kanisa na kurudi.

Gladness alimtazama mdomo wazi.

"Usinitazame, puliza!"

Akapiga tena. Ng'ambo, vikundi viligawanyika. Mtu alinyoosha mkono. Mwanamke aliyevaa kofia alikuwa wa kwanza kukimbia, kisha wanaume wawili wazee wakateremka gatini na suti zao nyeusi na tai zao, mashua ikasukumwa, ikakataa kuwaka. Ikakataa tena. Wimbi liliinua miguu ya Agripina kutoka mwambani likamrudisha. Gladness alimkumbatia kwa nyuma, akazungusha mikono, akasimama kama nguzo.

"Endelea, Mama!"

Akaendelea mpaka sauti ikapasuka, na injini ilipowaka hakuisikia. Aliona tu pua ya mashua imeinuka na mzee mmoja akiwa amepiga goti mbele, tai imeruka begani, mkono umenyooshwa. Gladness alifungua ule mkanda.

"Yeye kwanza," alisema, na akasema tena kwa Kigaeli.

Mzee yule aliitwa Murdo. Njiani kurudi hakufungua mdomo isipokuwa mara moja, akimwambia Gladness jambo fupi huku akionyesha mahali kayaki ilipokwenda. Gladness aliinamisha kichwa. Agripina hakuhitaji mkalimani.

Waliwapeleka kwa Peigi, yule mwanamke wa kofia, dada yake Murdo. Aliwavua nguo kama anawamenya, akawavika masweta yanayowasha, akawaketisha mbele ya moto wa udongo, akawapa chai nyeusi yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Kisha akaanza kufoka. Alimfokea Gladness kwa Kigaeli tangu mlangoni mpaka mezani: Jumapili, simu ya upepo, bamvua, akili. Agripina, akiwa haelewi neno lolote, alielewa kila kitu, na alimheshimu mama yule kwa namna alivyofoka bila kupumua.

"Mwambie kosa ni langu," alisema. Sauti yake ilikuwa imebaki kama mlango wenye kutu. "Mwambie wewe uliniambia niifunge."

Gladness alimwambia. Peigi alinyamaza, akamgeukia Agripina, akamkagua juu mpaka chini. Akauliza kitu.

"Anauliza kama ni wewe uliyepiga yowe lile."

"Mwambie ndiyo."

Peigi aliweka mkono kifuani, akasema maneno mengi, taratibu sasa.

"Anasema Jumapili hawatoi mashua hata kwa mfalme. Lakini kuokoa mtu inaruhusiwa. Anasema aliposikia alijua kwamba yule ni mama." Gladness aliyasema kwa Kiswahili chake cha zamani, kilichovunjika hapa na pale, akikiokota kipande kipande. Agripina aliuma ulimi, hakusahihisha hata silabi.

Peigi akauliza tena, jambo fupi, na safari hii Gladness alikawia.

"Nini?"

"Anauliza ulikuja huku kufanya nini."

Moto ulipasuka. Nje watu walikuwa bado wamesimama barabarani, wake kwa waume, wakiitazama nyumba. Agripina alizungusha kikombe mikononi. Angeweza kusema alikuja kutembea. Watu wote husema hivyo.

"Mwambie nilikuja kukuchukua," alisema. "Nikurudishe Stockholm."

Gladness aligeuka akamtazama mama yake.

"Haya, mwambie. Halafu umwambie sikuchukui."

Ilichukua muda. Gladness alitafsiri akiutazama moto, na tafsiri yake ilikuwa ndefu kuliko yale maneno mawili matatu aliyopewa. Ilikwenda, ikasimama, ikaendelea. Peigi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaongeza chai kwenye kikombe cha Agripina bila kuulizwa, na akasema neno moja kwa sauti ya chini akiwa amemshika bega.

"Amesema nini?"

"Amesema chai yako inapoa."

"Muongo mkubwa wewe," alisema Agripina, akanywa.